Santuri ya Usiku wa Manane

Albamu ya kwanza ya bendi ya Queen, iliyotolewa na kampuni ya EMI huko Uingereza tarehe 13 Julai 1973, imekaa zaidi ya miaka hamsini katika kivuli cha ndugu zake wakubwa, na wengi wanaoitaja huitaja kwa haraka, kama jambo la utangulizi lisilostahili kukawiliwa. Nimekusudia kuitetea. Nashikilia kwamba ila zake, ambazo zipo na sitazificha, zilitokana na mkataba ulioizaa, na kwamba fadhila zake zilitokana na vijana wanne ambao, juu ya kupewa saa mbaya na ujira haba, walikataa katakata kuishusha kazi yao ilingane na hali waliyowekwa. Na mtu asiyeijua santuri hii hamjui Freddie Mercury mfanyakazi, anamjua yule wa mabango tu.

Liko jambo moja ambalo linatuhusu sisi watu wa pwani kuliko wengine, nalo latosha peke yake kutufanya tuiangalie albamu hii kwa jicho jingine. EMI ilizaliwa mwaka 1931 kwa kuunganishwa kampuni mbili kubwa za santuri, Gramophone na Columbia. Na Gramophone ndiyo ile ambayo sahani zake zilikuwa na picha ya mbwa anayesikiliza sauti itokayo katika bomba, na ndiyo ile iliyomwita mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake wavuke bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi nyimbo zao za Kiswahili. Siti, binti wa Fumba ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, alifariki dunia mwaka 1950, wakati ambao Farrokh Bulsara, ndiye Freddie Mercury wa baadaye, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa katika kisiwa hicho hicho cha Unguja mwaka 1946, alikuwa hajatimiza umri wa miaka minne. Hivyo nyumba moja ya santuri ilizipokea sauti mbili za kisiwa kimoja, ya kwanza mwaka 1928 na ya pili mwaka 1973, na baina yao ikapita miaka 45. Sidai kwamba taarabu yasikika katika albamu ya Queen. Haisikiki, na wanaoitafuta humo kwa mapenzi ya nchi yao wanapoteza wakati. Ninalodai ni kwamba sauti zote mbili zilitoka kwa watu ambao hawakuwa na mali wala cheo cha kuwafungulia milango ya nyumba ile, wakaingia kwa kazi ya koo zao.

Maisha ya Farrokh kabla ya hapo yanajulikana kwa ufupi, nami nitayapita kwa ufupi. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza mwenye kushughulikia fedha katika Mahakama Kuu. Mtoto alipelekwa Bara Hindi kusoma katika shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, akajifunza piano na kupiga katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics, kisha akarejea Unguja. Na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wazee wake walihamia Feltham, kitongoji cha magharibi ya London, maili chache tu kutoka Hayes ambako EMI ilikuwa na kiwanda chake cha kuchapia santuri. Alisoma uchoraji wa matangazo katika chuo cha sanaa cha Ealing hadi 1969, na alipomaliza alishirikiana na Roger Taylor kuuza nguo za zamani katika kibanda kimoja cha soko la Kensington.

Taylor alikuwa amekwenda London kujifunza uganga wa meno, na ngoma zikamshinda nguvu. Brian May alikuwa mwanafunzi wa fizikia wa Imperial College, akiandaa utafiti wake wa udaktari juu ya vumbi la angani, utafiti aliouweka kando kwa ajili ya muziki na kuumaliza mwaka 2007. Na gita alilopiga alilitengeneza nyumbani kwa mkono wake pamoja na baba yake, shingo yake wakaichonga kutoka katika ubao mkuukuu wa meko na springi zake wakazitoa katika pikipiki. John Deacon, aliyeingia mwisho mwaka 1971 kupiga besi, alikuwa mwanafunzi wa elektroniki. Nayataja haya kwa kuwa kuna watu waionao bendi ya roki kuwa ni kundi la wahuni walioshindwa na masomo, na dhana hiyo kwa bendi hii ni dhuluma. Hawa walikuwa watu wa vipimo na hesabu, na albamu yao ya kwanza ni kazi ya watu wa vipimo na hesabu walionyimwa wakati wa kupimia.

Mlango wa kwanza ulifunguka kwa njia ya bahati. Mwaka 1971 studio ya De Lane Lea ilikuwa imehamia katika jengo jipya huko Wembley, na mafundi wake wakataka bendi yenye kelele za kutosha ili wajaribu mitambo na kuta zao. Queen wakakubali kuwa chombo cha majaribio hayo, na ijara yao ikawa ni kurekodiwa bure nyimbo tano. Utepe huo waliuzungusha katika kampuni za London, na majibu waliyoyapata hayakuwa ya kutia moyo. Walakini John Anthony na Roy Thomas Baker, watayarishaji wa muziki waliokuwa wakifanya kazi na studio ya Trident, waliwasikia na kuwapenda, wakawapelekea habari ndugu wawili wenye studio hiyo, Norman na Barry Sheffield.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, kwa hiyo nitaomba subira ya msomaji. Trident, iliyokuwa katika kichochoro cha St Anne's Court mtaa wa Soho, ilikuwa miongoni mwa studio zilizosifika kuliko zote katika London ya siku hizo: Beatles walirekodi Hey Jude hapo mwaka 1968, David Bowie alikuwa akiitumia, Elton John kadhalika, na piano yake ya Bechstein ilikuwa na sauti ambayo wapigaji waliifuata kutoka mbali. Lakini ndugu Sheffield hawakutaka tena kuwa wenye kukodisha chumba tu. Walitaka nao wawe na wanamuziki wao, wawarekodi, kisha wauze kazi hiyo kwa kampuni kubwa yenye viwanda na magari ya kusambaza. Basi katika mkataba uliotiwa saini Novemba 1972, Trident ilichukua kwa Queen mambo matatu kwa pamoja: kurekodi muziki wao, kusimamia haki za tungo zao, na kuwa meneja wao.

Yatafakari mambo hayo matatu. Kazi ya meneja ni kusimama upande wa mwanamuziki na kumtetea mbele ya kampuni. Lakini ikiwa meneja na kampuni ni mtu mmoja, mwanamuziki atamshtakia nani? Mapatano na EMI hayakufanywa na Queen, yalifanywa na Trident katika masika ya mwaka 1973. Fedha ya EMI ilikwenda Trident, na Trident ndiyo iliyowapa vijana mshahara wa pauni 20 kwa juma. Gharama zote zilizotumika juu yao, za studio, za ala, za taa na mavazi, ziliandikwa kuwa deni lao, la kukatwa katika mapato yatakayokuja. Na saa za studio ambazo zilikuwa mali ya Trident yenyewe nazo zikawa katika hesabu hiyo. Ni lazima niseme kwa insafu kwamba Norman Sheffield aliishi kuandika kitabu chake mwenyewe, kilichotoka mwaka 2013, akitoa upande wake, na hoja yake haikosi uzito: kampuni yake ilitumia fedha nyingi mno juu ya bendi ambayo hakuna aliyeitaka, kabla haijaona faida. Hatari ilikuwa yake, na mwenye kubeba hatari hutaka malipo yake. Ninalolikataa ni umbo la mapatano yale, ambalo lilimfanya mtu mmoja kuwa mnunuzi, dalali na wakili katika biashara moja.

Sasa tuone jinsi umbo hilo lilivyoingia ndani ya sauti yenyewe. Kwa kuwa Queen hawakuwa wateja wenye kulipa, hawakupewa saa za wateja. Walirekodi pale chumba kilipokuwa wazi, na chumba kilichokodishwa na watu kama Bowie na Lou Reed huwa wazi usiku wa manane, au saa moja mbili za mchana mtu fulani akichelewa. Walikuwa wakingoja karibu na studio hadi waambiwe kuwa kuna nafasi; na katika kungoja huko Freddie alichukuliwa na fundi mmoja wa hapo hapo, Robin Geoffrey Cable, amwimbie wimbo wa majaribio, ambao EMI waliutoa mwaka 1973 kwa jina la uongo la Larry Lurex. Filamu ya mwaka 2018 juu ya maisha yake iliwaonyesha vijana hawa wakiliuza gari lao ili walipie studio, kisa kizuri cha ujasiri wa ghafla. Ukweli ni mgumu kuliko hivyo. Ujasiri wao ulikuwa ni wa kusubiri miezi kwa miezi, kuingia chumbani watu wengine wanapotoka wamechoka, kukuta ala za wengine na mpangilio wa wengine, na kuanza kazi inayotaka usahihi wakati mwili unataka kulala.

Athari yake yasikika. Wimbo mmoja ulianza usiku huu ukamalizwa majuma baadaye, katika hali nyingine ya sauti na mikono mingine mitamboni. Ngoma za Roger Taylor ziliwekwa katika kizimba cha Trident kilichofanywa kumeza mwangwi, na juu ya kizimba hicho hapakuwa na wakati wa kubishana sana. Matokeo ni ngoma kavu, zilizobanwa, ambazo Taylor hakuzipenda tangu siku ile. The Night Comes Down haukurekodiwa upya kwa kuwaridhisha, wakaupendelea ule wa De Lane Lea waliofanya bure mwaka uliotangulia, nao ndio uliowekwa katika albamu. Keep Yourself Alive ulichanganywa mara nyingi, kila mara ukikosa ile nguvu waliyoitafuta, mpaka fundi kijana Mike Stone alipopata mchanganyiko uliowaridhisha. Na wimbo uitwao Mad the Swine uliondolewa kabisa kwa kuwa hawakupatana na mtayarishaji juu ya sauti yake. Wahakiki wanaosema kwamba albamu hii ina sauti ya kukunjamana hawakukosea. Wamekosea katika kuwatupia vijana lawama ya jambo hilo.

Kwani tazama walichokifanya ndani ya dhiki hiyo. Mitambo ya njia 16 iliyokuwapo Trident waliijaza mpaka pomoni. May alilipiga gita lake juu yake lenyewe, tena na tena, hata magita yakawa yanajibizana na kupishana kama waimbaji, jambo ambalo mtu angeweza kudhani limefanywa kwa mtambo wa sinthesaiza. Na ili pasiwe na tashwishi waliandika jaladani kwamba hakuna aliyepiga chombo hicho. Watu wengine wamelicheka tangazo hilo na kuliona la kiburi cha kitoto. Mimi naliona ni tamko la heshima la mafundi wanaotaka ijulikane kwamba walichokisikiliza ni mikono. Sauti za koo kadhalika: Mercury, May na Taylor waliimba pamoja kisha wakajirudia juu ya waliyoyaimba, hata watu watatu wakawa jamii kubwa, na hapo ndipo ilipozaliwa sauti ile ambayo miaka miwili baadaye, katika Bohemian Rhapsody, ilikuja kushangaza ulimwengu. Waliostaajabu mwaka 1975 walikuwa wamechelewa. Mbegu ilikwisha kupandwa, na iko wazi kwa kila mwenye masikio katika My Fairy King.

Wimbo huo, kwa maoni yangu, ndio nguzo ya albamu. Mercury aliutunga na kuupiga piano yeye mwenyewe, na wenzake wanasimulia kwamba ni katika siku za kuutengeneza ndipo walipotambua kuwa mwimbaji wao ni mtunzi na mpiga piano wa namna ambayo hawakuijua. Unahadithia nchi ya kubuni, yenye wanyama wa ajabu na mfalme wake, nchi ambayo inaharibiwa na watu waingiao kutoka nje. Na katika beti zake, kwa masimulizi ya May, ndimo mwimbaji alimopata jina alilolichukua la Mercury. Sipendi kumfasiri mtunzi kwa nguvu. Lakini mtoto aliyepelekwa ng'ambo ya bahari akiwa na umri wa miaka minane hivi, akarudi nyumbani, kisha akahama nyumbani hapo pamoja na wazee wake baada ya Mapinduzi akiwa na miaka kumi na saba, akatunga habari za nchi iliyopotea, huyo hahitaji mfasiri mjanja sana.

Kati ya nyimbo kumi za albamu, tano ni zake. Liar ni mrefu, wa ghadhabu, nao katika majukwaa ulikuja kuwa silaha yao kali. Humo yasikika jinsi anavyoweza kugeuza sauti kutoka katika unong'ono wa mwenye kutubu hadi ukali wa mwenye kushtakiwa bila ya kuvuta pumzi katikati. Great King Rat una pupa ya mtunzi mchanga anayetaka kusema yote kwa mara moja, na unachosha kidogo mwishoni. Jesus, utungo wa kijana wa dini ya Zoroasta aliyelelewa katika shule ya Kianglikana, una taadhima ambayo wengi hawaitarajii kwake. Seven Seas of Rhye upo kama kipande kifupi tu cha ala mwishoni, ahadi ya wimbo ambao alikuwa hajaumaliza. Za May, naupenda zaidi The Night Comes Down kwa huzuni yake isiyojipamba. Doing All Right, alioutunga pamoja na Tim Staffell katika bendi yao ya awali ya Smile, ni mpole kisha unageuka kuwa mkali pasipo onyo. Modern Times Rock 'n' Roll wa Taylor unapita upesi, na hapana hasara ukipita.

Hata jalada walilifikiri. Mercury alitumia elimu yake ya Ealing kuichorea bendi nembo ya nyota za kuzaliwa kwao, simba wawili kwa Taylor na Deacon, kaa kwa May, na vichimbakazi wawili wa nyota ya Mashuke kwa nafsi yake. Na picha ya mbele ni umbo lake mwenyewe jukwaani chini ya mwanga mmoja, dogo, kana kwamba limeonekana kutoka viti vya nyuma.

Kazi ilikuwa imekwisha takriban mwanzoni mwa mwaka 1973, lakini ilikaa ndani kwa kungoja Trident ipatane na kampuni kubwa, na huu ulikuwa msiba wa pili wa mkataba. Muziki wa roki wa miaka ile ulikuwa ukigeuka kwa haraka. Albamu yenye nyimbo zilizotungwa tangu 1970 na 1971 ilipotokea madukani Julai 1973, wako walioihesabu kuwa inafuata nyayo za watu ambao kwa kweli ilikuwa imekwenda sambamba nao. Keep Yourself Alive, uliotangulia kwa juma moja kama santuri ndogo, haukupata nafasi ya maana redioni na haukuingia katika orodha ya mauzo. Msaada ulitoka mahali pasipodhaniwa: kipindi cha televisheni The Old Grey Whistle Test kilipata nakala isiyokuwa na jina la bendi, watu wake wakaupenda wimbo bila ya kujua ni wa nani, wakaupiga pamoja na picha za katuni ya zamani. Albamu yenyewe haikuonekana katika orodha ya Uingereza mwaka ule. Ni baada ya albamu ya pili na Seven Seas of Rhye kamili kuwapatia watu, mwaka 1974, ndipo wanunuzi waliporudi nyuma kuitafuta ya kwanza, ikapanda hadi nafasi ya 24. Huko Marekani, ilikotolewa na Elektra, ilifika ya 83.

Wala mambo ya mkataba hayakuishia hapo. Mwaka 1974 na 1975 nyimbo za Queen zilikuwa zikiuzwa katika nchi nyingi, na wao wenyewe walikuwa wakiishi katika vyumba vya kupanga na kuomba fedha za mahitaji ya kawaida. Walipojinasua kwa Trident mwaka 1975, kwa msaada wa wakili Jim Beach, sharti la uhuru wao lilikuwa ni kulipa pauni 100,000 na kuiachia Trident asilimia moja ya mapato ya albamu sita zijazo. Albamu iliyofuata ilianza kwa wimbo wa hasira ambao Norman Sheffield aliutambua kuwa unamhusu yeye, na shauri likafika kwa mawakili. Hasira ile naifahamu, lakini haikuwa kazi nzuri kuliko kazi ya usiku wa Trident. Mtu akitaka kuona vijana hawa walivyoshindana na mkataba wao kwa njia ya heshima kubwa zaidi, na asikilize albamu ya 1973.

Oktoba 2024 May na Taylor walifanya jambo ambalo limegawa watu: waliitoa albamu upya kwa jina la Queen I, baada ya kuzifungua tepe za zamani na kuzichanganya tena, ngoma za Taylor zikapewa ukubwa alioutaka tangu ujana, na Mad the Swine ukarudishwa mahali pake pa nne. Wako waliochukia, wakidai kwamba kazi ya sanaa ikishatoka haiguswi. Sikubaliani nao. Mchoraji aliyenyang'anywa brashi kabla hajamaliza ana haki ya kuirudia picha yake siku atakapoipata brashi, na haki hiyo haifutwi na miaka. Nimezisikiliza zote mbili kwa makini, na nasema bila kusita kwamba katika ile mpya Taylor ametendewa uadilifu alioungoja nusu karne. Hata hivyo, naomba wenye mali wasiiache ile ya 1973 ikatoweka polepole madukani na katika intaneti kwa kuwa ipo nzuri zaidi. Ile ya kwanza ni ushahidi. Ukavu wa ngoma zake, haraka yake, hali ya hewa ya chumba inayobadilika kutoka wimbo hadi wimbo, vyote hivyo vinaonyesha jinsi kazi ilivyofanywa na chini ya masharti gani. Na mwanamuziki kijana wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye leo amewekewa mezani karatasi inayompa mtu mmoja kurekodi, kusimamia tungo na kuwa meneja, atajifunza mengi akizisikiliza mbili hizo moja baada ya nyingine, kisha akampelekea wakili karatasi ile kabla hajaitia saini.

Kwa wenye redio zetu nina ombi moja dogo. Mercury alizaliwa tarehe 5 Septemba, na kila ifikapo siku hiyo wapo wanaomkumbuka hewani kwa zile nyimbo chache ambazo kila sikio limezizoea. Albamu hii haifiki dakika 40. Mwaka huu ipigeni yote kwa mfululizo, tangu Keep Yourself Alive hadi mwisho, bila ya tangazo katikati, na mtangazaji awaambie wasikilizaji kwamba iliimbwa na mzaliwa wa Unguja na kutolewa na kampuni iliyoirithi nyumba iliyomrekodi Siti binti Saad.